Seti ya maputo ya wanyama kwa anayeanza: pampu safi, kijitabu kinapotosha

Nimekaa na hii seti wiki tatu sasa kwaiyo naona naweza kuiongelea vizuri, sio ile rivyu ya mtu kafungua boksi asubuhi jioni keshatoa nyota tano. Ni ile seti ya kujifunzia kutengeneza wanyama na vitu vidogo vidogo kwa maputo marefu, yale membamba kama kamba, ndani inakuja na maputo 100 ya rangi mchanganyiko, pampu ya mkono, kijitabu cha kurasa 12 na karatasi moja ya stika za macho. Jina la kampuni sitaliandika maana hizi seti ziko nyingi na zinafanana kuanzia boksi mpaka picha, na ninachotaka kusema kitamfaa hata aliyenunua ya rangi nyingine.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za pampu peke yake.

Sababu ya kununua ni binti yangu, alikuwa anakaribia kutimiza miaka sita na aliniambia mapema kabisa, mama mi nataka mbwa wa puto, na kila mtu akija apewe wa kwake. Ningeweza kutafuta mtu anayeijua kazi aje atengeneze lakini nikasema hapana, nina wiki tatu, hiki ni kitu naweza kujifunza kwa mikono yangu, na kusema ukweli nilikuwa nakitaka tangu niko mdogo mwenyewe. Nilishawahi kumwona mtu akitengeneza mbwa kwa sekunde kama thelathini huku anaongea na watu, haangalii hata mikono yake, nikabaki nimeduwaa. Ile picha haijawahi kunitoka.

Sasa tuanze na pampu maana ndo kitu cha maana kwenye hilo boksi. Ni ile inayotoa hewa pande zote mbili, ukisukuma inatoa ukivuta inatoa, kwaiyo haupotezi mwendo hata mmoja na puto linajaa haraka bila mkono kuchoka. Ncha yake ni nyembamba inazidi kupungua kuelekea mbele, mdomo wa puto unaingia vizuri, unaubana kwa kidole gumba na cha shahada ili lisiruke, basi. Nimejaza maputo zaidi ya mia na hamsini nayo (ya kwenye seti na mengine niliyonunua baadae) na haijalegea wala haijaanza kupiga kelele. Mtu asikwambie utapuliza kwa mdomo. Nilijaribu siku ya kwanza kwa ubishi tu, nikapuliza mpaka masikio yakaanza kuuma na puto halijasogea hata kidogo. Haya maputo membamba sio kama yale ya duara, yana tabia yake, pale mwanzo linakataa kabisa, unasukuma hewa hakuna kinachotokea, alafu ghafla linavimba karibu na mdomo na kuanzia hapo linajaa kwa kutembea, yaani ile sehemu iliyovimba inasogea mbele polepole na mbele yake inabaki kamba nyembamba ambayo haijaguswa. Ule mwanzo ndo mgumu kupita yote, baada ya hapo inakuwa rahisi. Pampu inakuvusha hapo bila shida. Kama umepewa seti isiyo na pampu, au ina ile ndogo ya kuminya kama kibonge cha mpira, itafute pampu kwanza kabla hujafanya lolote.

Na hiyo tabia ya kujaa kwa kutembea ishikilie kichwani, maana kila kitu kwenye hii kazi kinatoka hapo, na ndo mahali kijitabu kilinipoteza kabisa.

Ukurasa wa tatu kimeandika, jaza puto lote mpaka mwisho kisha funga fundo. Lote! Mi nikafuata, mtu unaanza utakosaje kufuata maelekezo, nikajaza mpaka ncha, likawa limekaza linang'aa, nikafunga fundo kwa shida maana mdomo wenyewe umevutika, nikaanza kusokota kiputo cha pua kama picha inavyoonyesha. Paa! La pili paa. La tatu nikafika mpaka masikio, nikajiona nimeweza, kusokota shingo, paa, na safari hii kipande kikanichapa mkononi. Binti yangu akakimbilia chumbani akagoma kutoka. Siku ile nimepasua tisa mfululizo na nikaamini kabisa kwamba mikono yangu haifai kwa hii kazi, nikarudisha vitu kwenye boksi.

Kumbe shida haikuwa mikono. Ilikuwa hewa.

Ukifikiria ni kitu cha wazi. Kila unaposokota unabana hewa, na ile hewa iliyobanwa lazima ipate pa kwenda. Kama umeacha mkia mbele ambao haujajaa, hewa inasogea huko, mkia unaliwa kidogo kidogo, puto linabaki laini. Kama umejaza mpaka mwisho hakuna pa kwenda, kila msokoto unaongeza presha kwenye mpira uleule ambao ushavutika mpaka kikomo, na mpira unachagua njia moja tu. Ndo maana pia unaanza kusokota upande wa fundo na sio upande wa mkia, ili hewa iwe inasukumwa kuelekea kwenye nafasi. Kijitabu hakisemi hata hilo, picha zake zinamwonyesha mbwa ameshaanza na mwanzo wenyewe umefichwa na mkono.

Kwaiyo kanuni niliyofikia baada ya kuangalia video nyingi na kupasua mengi ni hii, kwa mbwa wa kawaida acha mkia kama wa upana wa kiganja, sentimita kumi hivi. Kitu chenye misokoto mingi, mfano dubu, acha zaidi, hata kiganja na nusu au viwili, kwa sababu kila msokoto unakula mkia. Upanga ambao una misokoto michache unaacha kidogo tu. Alafu, na hiki ndo kilinibadilishia kila kitu, ukishajaza na kabla hujafunga fundo, achia hewa kidogo itoke, pssi, sekunde nusu. Liminye puto karibu na mdomo usikie limelainika. Hapo funga. Ule ulaini wa pale ndo utakaokuruhusu kutengeneza masikio bila kuogopa. Mara ya kwanza kufanya hivyo niliminya na kusokota na lile puto likalia tu ule mlio wake wa kukwaruza likatulia, sikuamini, nikasokota tena na tena kama mtu anajaribu kitasa kipya.

Mbwa mwenyewe nikueleze kwa maneno, maana kwenye kijitabu picha ya nne ina mishale miwili inayoenda pande tofauti na imevuruga watu wengi, najua hivyo kwa sababu dada yangu naye kanunua seti ya boksi jingine na picha ni ileile na kakwama palepale.

Shika puto upande wenye fundo. Minya kama sentimita nane kutoka kwenye fundo na usokote mara tatu, nne, hicho kiputo cha kwanza ni pua. Usikiachie. Hapo ndo wote tunakosea, tunasokota tunaachia kinajifungua. Kiputo cha kwanza na cha mwisho unachotengeneza lazima viwe mkononi, vya katikati vitajishikilia vyenyewe. Sokota cha pili, cha tatu, vyote urefu uleule, hivyo ni masikio. Na vyote usokote upande mmoja, kama umeanza kuzungusha kwenda mbele basi mbele mpaka mwisho, ukienda mbele alafu ukarudi nyuma unafungua ulichokifunga. Sasa una viputo vitatu na puto refu limebaki. Kunja pale katikati ya masikio mawili ili yalale sambamba, ile sehemu ya mwisho wa pua ikutane na mwanzo wa shingo, alafu shika masikio yote mawili kwa pamoja na uyazungushe mara tatu. Yamefungana. Ukiachia sasa hivi hakuna kinachofunguka, pua imesimama mbele, masikio juu. Hiki kitendo cha kufunga viwili pamoja ndo roho ya wanyama wote, ukikiweza umeshaweza karibu kila kitu kwenye kijitabu. Baada ya hapo unarudia tu, shingo kiputo kimoja kifupi, miguu ya mbele viwili virefu kidogo unavifunga pamoja, mwili kimoja, miguu ya nyuma viwili unafunga pamoja, kilichobaki ni mkia. Kumi jumla ukihesabu na mkia.

Wa kwangu wa kwanza aliyekamilika alikuwa wa kijani, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akawa anaegemea upande. Nilimsimamisha mezani nikamwita binti yangu. Akamzunguka, akainama akamwangalia usoni, akasema, "Mama, huyu anasikiliza kitu." Na kweli kwa vile kichwa kilivyolala alikuwa kama anasikiliza kitu. Tangu siku hiyo anamwita Msikilizaji.

Kama unataka mchoro mzuri kuliko wa kijitabu, tafuta picha ya ile sanamu ya mbwa wa puto ya msanii wa Marekani Jeff Koons, ile ya chuma cha pua inayong'aa, iko matoleo matano kila moja rangi yake, na ile ya rangi ya chungwa iliuzwa mnada wa Christie's New York Novemba 2013 kwa dola milioni 58.4. Sanamu yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita tatu lakini kila mkunjo upo, fundo liko mbele kwenye pua, unaona masikio yanavyokutana na shingo, unaona miguu inavyojibana pale juu. Niliiweka kwenye simu nikawa naangalia huku nasokota. Nimejifunza zaidi kutoka kwenye ile picha moja kuliko kurasa 12.

Haya, maputo yenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwenye boksi imeandikwa 260, na hiyo namba ina maana yake, 2 ni inchi za upana likijaa na 60 ni inchi za urefu, yaani kama sentimita 5 kwa 150. Ndo saizi ya kawaida ya kazi hii dunia nzima, ziko 160 nyembamba zaidi kwa ajili ya vitu vidogo na 350 nene zaidi lakini anayeanza aanze na 260, mikono yako itaielewa. Sasa ya kwenye hii seti hayalingani. Nimepanga kumi mezani, yakatofautiana, mengine mafupi kwa karibu upana wa mkono, na mpira wake mengine mnene upande mmoja mwembamba upande mwingine, ukijaza unaona linapinda lenyewe kama ndizi. Meusi na ya zambarau ndo yalinisumbua zaidi, yamepasuka mengi wakati bado najaza, sijafika hata kusokota. Mtu anayeanza akikutana na puto kama hilo atajilaumu yeye, na ndo kinachoniuma, maana mi nilijilaumu siku nzima.

Nilijua tofauti nilipoagiza pakiti moja ya maputo ya kampuni ya Qualatex, 260Q, hiyo Q ni ya jina lao, ndo wanazotumia watu wengi wanaofanya hii kazi kwa kulipwa. Jamani. Ni kama mtu aliyekuwa anaandika kwa kalamu iliyokauka kapewa mpya. Yanajaa sawasawa kutoka mdomoni mpaka mkiani, mpira unavutika bila kubishana na wewe, na ukisokota unasikia kabisa mkononi pale limekubali. Kwenye pakiti ile mpaka leo yamepasuka matatu na mawili nilikuwa na pete. Sempertex, kampuni nyingine ya maputo, nao nimesikia wakisifiwa sana ila sijayashika mwenyewe kwaiyo hayo siyasemei. Ushauri wangu, ya kwenye seti yatumie kujifunzia kujaza na kufunga fundo tu, ukianza mbwa anza na puto zuri.

Kitu kimoja cha hayo ya kwenye seti nilikipenda lakini, ule unga wa ndani. Ukifungua mdomo wa puto vidole vinabaki na vumbi jeupe, ni wa kuzuia mpira usijigandishe. Nikaenda kusoma kidogo nikakuta kwamba maputo ya kwanza ya mpira alitengeneza mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1824 pale Royal Institution London, alikuwa anayatumia kwa majaribio yake ya haidrojeni, alichukua vipande viwili vya mpira akavilaza kimoja juu ya kingine akabana kingo zishikane, na ndani akapaka unga ili katikati pasishikane. Miaka mia mbili! Na mi nimekaa jikoni nina unga wa kazi ileile kwenye vidole. Nilimwelezea binti yangu, hakujali sana, ila mi ilinifurahisha.

Maumbo mengine kwenye kijitabu nipitie haraka. Twiga ni mbwa mwenye shingo ndefu, hakuna jipya, masikio mafupi shingo unaiachia. Sungura ni masikio marefu na mwili mfupi. Yule mbwa mrefu wa miguu mifupi, mwili unaurefusha miguu unaipunguza. Yaani ukishamjua mbwa una wanyama wanne watano kwa kubadilisha vipimo tu, na nadhani hili kijitabu kingelisema wazi badala ya kumpa kila mnyama ukurasa wake kama kitu kipya kabisa, mtoto wa dada yangu wa miaka kumi na mbili aligundua mwenyewe akaanza kutengeneza wanyama wasio na jina.

Upanga ni rahisi na watoto wanaupenda kupita kiasi, unaanza upande wa fundo, unakunja kwenda na kurudi mara tatu kama mtu anakunja kitambaa, unakamata zile mikunjo zote katikati unaminya unasokota, mpini umetoka na ile sehemu ya kukinga mkono. Kofia nayo ni ya dakika moja, zungushia puto kichwani upate kipimo, sokota hapo, funga na upande wa fundo, kilichobaki kinasimama juu kama unyoya. Kama una watoto wengi na muda mfupi anza na kofia, nakuhakikishia.

Ua lilinichukua siku mbili. Unafunga ncha mbili liwe duara, unabana duara liwe mistari miwili sambamba, unasokota mistari yote miwili kwa pamoja sehemu mbili ili upate mafungu matatu sawa, alafu unayakusanya na kuyasokota katikati yawe petali sita. Kuandika ni rahisi, kusokota maputo mawili kwa wakati mmoja mara ya kwanza inatisha, mlio wake ni mkubwa. Siri ni ileile ya mwanzo, liwe laini. Mi nilikuwa nalijaza sana kwa sababu nilitaka ua kubwa.

Dubu sijamuweza. Ana vile viputo vidogo vya kubana vya masikioni, unachukua kiputo kidogo kabisa unakivuta juu unakisokota kwenye mizizi yake chenyewe, na mikono yangu bado haijazoea kushika saba nane kwa pamoja. Nitamrudia.

Stika za macho ni upotevu. Gundi yake haishiki kwenye mpira, unabandika saa hiyo baada ya dakika kumi jicho liko sakafuni, na sakafuni ndo mahali sitaki kitu kidogo kiwe. Tumia maka peni ya kudumu, ya ncha laini, chora taratibu bila kukandamiza, na subiri ikauke kwanza usije ukaichafua.

Na hapo nije kwenye kitu ambacho boksi limekiandika kwa herufi ndogo sana upande wa chini, karibu na ile mistari ya msimbo wa bidhaa, na mimi naona kingekuwa juu kabisa. Puto lisilojazwa na vipande vya lililopasuka ni hatari kwa watoto wadogo, vinaweza kuwakaba. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inataka onyo kwamba watoto chini ya miaka minane wanaweza kukabwa au kukosa pumzi kwa maputo ambayo hayajajazwa au yaliyopasuka, na chini ya minane ndo hasa watoto wote watakaokuja kwenye sherehe kama yetu. Kipande cha mpira kikifika kooni kinajipinda na kuziba kabisa, hakitoki kama tonge. Kwaiyo nyumbani kwetu kanuni ni moja, likipasuka kila mtu anasimama alipo mpaka mtu mzima aokote vipande vyote na kuhesabu, mdomo na mkia viwe vimeonekana. Maputo yasiyojazwa yanakaa kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati. Mtoto akiweka puto mdomoni, hata lililojaa, linatoka. Binti yangu ameshazoea, sasa hivi likipasuka yeye ndo anapiga kelele wenzake wasimame. Kama seti ingekuja na kadi kubwa ya hilo ningeiongezea nyota nusu papo hapo.

Kingine ni watu wenye mzio wa mpira. Haya ni mpira wa asili, utomvu wa mti, na kuna watu ngozi inavimba au wanapata shida ya kupumua wakiukaribia. Niliuliza wazazi wote kabla ya siku yenyewe na mmoja akaniambia mwanae anao, kwaiyo yule nilimwandalia zawadi nyingine na maputo tuliyafanya nje sio ndani. Kijitabu hakina hata neno moja kuhusu hili.

Kuhifadhi nako nimejifunza kwa hasara. Nilifungua pakiti nikaacha nusu ya maputo kwenye bakuli dirishani, yalivyopendeza, rangi zote zinaonekana. Baada ya wiki mbili niliyachukua yakawa hayavutiki vizuri, yanakwanyuka, karibu yote ya bakuli yalipasuka. Mwanga na joto vinaumaliza mpira. Sasa nayafunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, gizani, mahali pa baridi kidogo. Na hata mbwa aliyekamilika mweke mbali na jua, mpira unaanza kupoteza mng'ao unakuwa kama umepakwa ukungu, na kwenye jua kali hewa ya ndani inatanuka analia paa mwenyewe bila kuguswa. Majani makavu ya nje nayo usiyaamini, tulipoteza watatu kwenye nyasi. Kwenye kivuli ndani ya nyumba mbwa anakaa siku nzima vizuri, kesho yake amelegea kidogo, siku ya tatu ananywea.

Siku yenyewe ya sherehe nilikuwa na watoto kumi na moja. Nilijaza maputo ishirini asubuhi ile nikidhani nitaokoa muda, usifanye hivyo, yalikuwa yamenyong'onyea mchana na mengine yamejigusa na kitu yakapasuka, ni bora kujaza moja moja pale pale mtoto akiwa amesimama anasubiri, na wao wanapenda kuona linavyotembea. Nilitengeneza mbwa wanane, panga nne, kofia sijui ngapi. Yamepasuka mawili tu mikononi mwangu. Kuna mtoto mmoja, mkimya, alisimama pembeni yangu muda wote haombi kitu, nikamuuliza unataka nini, akasema nataka kujua unaachaje huo mkia. Nikampa pampu. Alijaza, akaacha kiganja kimoja, akaachia hewa kidogo, akalifunga, na mimi nikamshikia pua tu, mengine yote kayafanya yeye.

Kwaiyo ninunue tena? Pampu ndio, ningeinunua hata peke yake. Seti nzima inunue kama hauna pampu na unataka maputo ya kuharibu wakati unajifunza, ila weka na pakiti moja ya maputo mazuri kwenye oda hiyohiyo usisubiri kama mimi. Muuzaji nilimwandikia kuhusu ukurasa wa tatu na mishale ya picha ya nne, amejibu kwa heshima kwamba wamepokea, tuone toleo lijalo. Wewe ambaye boksi liko mezani tayari, kabla hujagusa puto chukua kalamu, nenda ukurasa huo wa tatu, futa pale palipoandikwa jaza lote, andika acha kiganja kimoja na utoe hewa kidogo kabla ya fundo.